Kioo cha Mlango Kilichovunjika Mara Mbili: Kisa cha Mazda Roadster

Gari lililoingia karakana kwetu Ilala mwanzoni mwa Februari lilikuwa Mazda Roadster ya mwaka 2003, ile ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5. Milango miwili, viti viwili, paa la turubai. Kioo cha mlango wa kulia, upande wa dereva, kilikuwepo lakini kilikuwa kimegeuka pazia. Kilikuwa kimesagika chote vipande vidogo vidogo, na kilichovishika visimwagike ni tinti peke yake. Mwenye gari alikuwa ameliendesha hivyo kutoka Mbezi Beach, polepole, akikwepa kila shimo.

"Fundi, kimevunjika tena," aliniambia hata kabla hajazima injini. "Hata miezi mitatu hakijafikisha."

"Pole sana, kaka. Nani kakigonga?"

"Hakuna mtu. Nilifunga mlango tu."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nisikimbilie simu kutafuta kioo kingine. Kioo cha mlango hakivunjiki kwa sababu mlango umefungwa. Milango hufungwa mara maelfu. Kikivunjika hivyo, kuna kitu ndani ya mlango kilichokuwa kinakisubiri, na ukiweka kioo kipya bila kukijua kitu hicho, unamwekea mteja kioo cha tatu cha kuvunjika.

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo. Novemba gari lilikuwa limeegeshwa Mwenge, bodaboda ikapita karibu mno na mpini wake ukakipiga kioo. Kilimwagika chote pale pale, nusu barabarani, nusu ndani ya mlango. Akalipeleka gari kwenye gereji moja, wakampatia kioo kilichotumika, wakakibandika tinti, wakakifunga siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili akaona mistari iliyosimama wima kwenye kioo, kama imechorwa na msumari. Baadaye mlango ukaanza kugonga barabarani. Mvua za vuli ziliponyesha, maji yakawa yanaingia yakimlowesha bega. Alirudi pale gereji mara moja, wakakipandisha kioo juu zaidi ili kikandamize raba, wakamwambia gari la paa la turubai ndivyo lilivyo. Hapo naomba niseme wazi: sivyo lilivyo. Roadster iliyopangwa vizuri unaiosha kwa mpira wa maji na ndani hakiingii kitu.

Alitaka kujua kama vile vipande havingeweza kuunganishwa, maana aliwahi kuona kioo cha mbele cha daladala kikizibwa ufa kwa gundi. Ni swali zuri, na ninaulizwa karibu kila wiki. Kioo cha mbele ni lamineti, yaani vioo viwili vyembamba vilivyobana utando wa plastiki katikati. Jiwe likikipiga, mara nyingi tabaka la nje ndilo linaloumia, fundi anasukuma gundi maalumu ndani ya ufa, anaikausha, safari inaendelea. Kioo cha pembeni cha gari hili ni tempa. Kiwandani kinapashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kinapulizwa upepo ghafla pande zote mbili. Uso wake unakuwa wa kwanza kukakamaa. Moyo unapopoa baadaye unataka kusinyaa, unakuta uso umeshakakamaa, unabaki kuuvuta. Kwa hiyo maisha yake yote uso wa kioo umejibana na ndani yake kunavuta. Huko kujibana ndiko kunakokipa nguvu ya kuhimili kishindo. Ila jeraha likipenya tabaka lililojibana likafika kwenye moyo unaovuta, kioo chote kinaachia kwa mpigo mmoja, tangu kona hii mpaka kona ile. Hakuna ufa mmoja wa kuziba. Na kwa sababu hiyo hiyo, kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani. Umbo, mkunjo na matundu ya bolti vyote vinatengenezwa kabla hakijaingia kwenye moto.

Katikati, kioo hicho ni kigumu kuliko watu wanavyodhani. Udhaifu wake uko ukingoni na kwenye kuta za matundu. Ukitaka kujua kwa nini kimekufa, anzia huko.

Bahati yetu ilikuwa ile tinti. Gereji ya kwanza waliibandika kioo kikiwa mezani, kwa hiyo ilifunika kuanzia juu mpaka chini kabisa kwenye matundu, sehemu ambayo kwa kawaida imejificha ndani ya mlango. Tulikitoa kioo kama unavyobeba mkeka, watu wawili, tukakilaza juu ya shuka jeupe. Kioo cha tempa kikivunjika, nyufa zinakimbia kutoka pale zilipoanzia na kutawanyika kama miale. Mikono ya watu ikiwa imeshakichokoa huwezi tena kuisoma. Hiki kilisomeka. Nilipeleka taa ya mkononi chini chini, nikafuata mistari, yote ikarudi kwenye sehemu moja: tundu la bolti la nyuma. Ukuta wa tundu ulikuwa umesagika unga mweupe upande mmoja, na juu yake kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, alama ya chuma kilichosuguliwa na kioo.

Nikamwita kijana wangu alitazame. "Plastiki yake iko wapi?" nikamuuliza. Haikuwepo. Bolti inayoshika kioo kwenye mkono wa mashine ya kupandishia kioo haitakiwi kugusa kioo hata kidogo. Katikati yao inakaa bushi ya plastiki na washa laini. Ile ya asili bila shaka ilipotea siku bodaboda ilipovunja kioo cha kwanza, na aliyefunga cha pili alipoona bolti inaingia bila hiyo, akaikaza mpaka mwisho. Chuma kikawa kinakiuma kioo kila mlango ulipotikisika.

Lakini bolti iliyokazwa sana peke yake isingekimaliza haraka hivyo, kwa hiyo tukafungua mlango wote. Tulichomoa kwanza waya wa hasi wa betri, ambayo kwenye gari hili iko kwenye buti, kwa sababu mota ya kioo ikishtuka vidole vikiwa ndani ya mlango haina huruma. Kava ya mlango ikatoka, ikafuata ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi mfano wa lami. Mtu alikuwa ameshaichana katikati, ameirudisha bila kuiziba. Nailoni hiyo wengi huiona takataka ya kiwandani. Kazi yake ni kuyarudisha chini maji yanayopita kwenye ukingo wa kioo, yatokee kwenye matundu ya chini ya mlango badala ya kuingia kwenye kava na zulia.

Na matundu hayo ya chini yalikuwa yamezibwa. Nilipochokonoa la kwanza kwa waya, yalitoka maji ya rangi ya chai, kisha vipande vya kioo. Nilikitia kipande kimoja kwenye kiganja nikakigeuza: hakikuwa na tinti. Cha pili vile vile. Hivyo vilikuwa vipande vya kioo cha Novemba, vimekaa humo miezi yote hiyo, na chini yao bati lilishaanza kushika kutu. Tukapitisha mashine ya kufyonza vumbi, tukapata karibu kikombe kizima. Vingine vilikuwa vimenasa kwenye raba ya ukanda wa mlango, ile yenye manyoya yanayopangusa kioo kinaposhuka. Mistari ya wima ilikuwa imepata maelezo. Kila alipopandisha na kushusha kioo kipya, alikuwa akikikwangua kwa vipande vya kioo cha zamani.

Jambo la tatu lilikuwa kwenye reli. Gari la paa la turubai halina fremu ya mlango juu. Kwenye Corolla au Vitz, kioo kinapanda ndani ya mfereji wa raba unaokishika kwa mbele, nyuma na juu, hata mashine ikilegea kioo bado kina pa kuegemea. Roadster kioo chake kimesimama chenyewe. Kinachokishika ni mashine, reli, bushi za plastiki zinazoteleza kwenye reli, na raba ya ukanda basi. Zile bushi zilikuwa zimekauka na kupasuka. Zina umri sawa na gari, na joto la ndani ya mlango mweusi unaoegeshwa juani Dar es Salaam halizisaidii. Nilipoinua kiunzi tupu cha mashine nikakitikisa, kilicheza mbele na nyuma kwa upana wa kidole.

Sasa unganisha. Kioo kinacheza kwa sababu bushi zimekufa. Mchezo wote unaishia kwenye bolti mbili tatu, na mojawapo ni chuma kwenye kioo. Juu ya hapo, kimepandishwa kupita kiasi ili kizuie maji, kwa hiyo kila mlango ukifungwa ncha yake inaipiga raba ya paa kabla ya wakati. Siku ile mwenye gari aliufunga mlango kioo kikiwa nusu, ambayo kwa gari lisilo na fremu ndiyo hali mbaya kuliko zote: juu hakijagusa raba, chini sehemu kubwa imeshatoka kwenye ukanda. Kishindo kikashuka chote kwenye lile tundu.

Kupata kioo kingine kulichukua muda kuliko kazi yenyewe. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani utapata kioo cha IST au Noah kabla chai haijapoa. Cha Roadster, wauzaji walicheka wakanionea huruma. Mteja aliletewa mapendekezo matatu na watu wema, na nilimkatalia yote.

La kwanza lilikuwa kukata kioo cha madirisha ya nyumba. Hilo sitalifanya kwa bei yoyote. Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa visu, na kichwa cha dereva kiko sentimita chache kutoka hapo. La pili lilikuwa plastiki ngumu ya uwazi, mika wanayoiita. Inakatika kirahisi, ila manyoya ya ukanda yenye mchanga yataichubua mpaka iwe ukungu, na usiku taa za gari la mbele yako zikipiga pale huoni kitu. La tatu lilikuwa na akili zaidi: kukata lamineti, maana lamineti tofauti na tempa inakatika. Nimewahi kuifanya kwenye malori yenye vioo vilivyonyooka. Nilichukua rula ya chuma nikaisimamisha kwenye kioo cha kushoto cha gari lile. Juu na chini iligusa, katikati mwanga ukapita. Kioo kina mkunjo. Ukiweka kilichonyooka kitagusa raba sehemu moja na kuacha pengo kwingine, na reli itakivuta kukinyoosha upande wa pili kila kinaposhuka.

Tukaagiza kilichotumika kutoka Japani, kupitia mfanyabiashara anayeleta spea kwa kontena, pamoja na bushi mpya, washa na raba ya ukanda. Ndani ya wiki hizo mlango ulizibwa kwa nailoni nzito na gari likapaki chini ya bati. Nilimsihi asiliendeshe, naye alikubali, ingawa najua ilimuuma.

Kioo kilipofika Aprili, masika yameshachanganya, sikukitazama kwanza uwazi wake. Nilifunga macho nikapitisha ukucha kwenye ukingo mzima, taratibu, kisha ndani ya kila tundu. Ukucha ukinasa, kioo kinarudi kilikotoka, hata kama uso wake unang'aa namna gani. Huu ulipita. Kisha nikasoma muhuri wa kona. Kila kioo cha gari kina maandishi hapo chini, na kwenye vioo vya Asahi vya Japani utakuta Lamisafe ikiwa ni lamineti na Temperlite ikiwa ni tempa. Ukishajua kuusoma muhuri huo, hakuna atakayekuuzia kioo cha kabati.

Tulipiga brashi chini ya mlango, tukatibu kutu na kupaka rangi, tukaacha siku moja ikauke. Reli ikasafishwa grisi ya zamani iliyogeuka kama nta, ikapakwa nyeupe ya lithiamu, tabaka jembamba. Bushi mpya zikaingia. Bolti za kioo zikaenda na plastiki zake, na tulizikaza kwa mkono na spana fupi namba 10, mpaka zishike, bila nguvu za bega.

Kisha ikaja kazi ambayo ndiyo hasa ufundi wa magari haya, nayo ni kukipanga kioo. Ilituchukua saa nne na nusu, muda mrefu kuliko kukitoa na kukifunga kwa pamoja. Paa lazima liwe limefungwa na kubanwa kama mtu yuko safarini, kwa sababu unakipanga kioo dhidi ya raba za paa, na paa likiwa nyuma huna cha kupimia. Tulianza na mbele na nyuma: ukingo wa mbele ufuate raba ya nguzo ya kioo kikubwa kwa umbali ule ule juu na chini. Hapo tukakaza reli kidogo tu. Baadaye urefu, ambao unawekwa na stopa za juu, yaani vizuizi vinavyokisimamisha kioo kikifika juu. Stopa zote mbili zigongwe kwa wakati mmoja. Ikitangulia moja, kioo kinajipinda kila kikifika juu, nawe hutakiona kikijipinda. Mwisho ni mlalo, yaani kioo kiingie ndani kiasi gani kuelekea kwenye paa, na huo unarekebishwa kwa sehemu ya chini ya reli. Ukisukuma chini kwenda nje, juu kunaingia ndani. Wengi hukosea hapa: maji yakiingia wanaongeza urefu, kumbe kinachohitajika ni mlalo. Ndicho kilichofanyika kwenye gari hili mara ya kwanza.

Tulipaka chaki ukingo wa juu wa kioo, tukafunga mlango polepole, tukafungua. Chaki ilihamia kwenye raba kama mstari mmoja, isipokuwa sehemu ya kiganja hivi karibu na kona ya nyuma, ambako raba ilikuwa safi. Tukarekebisha, tukarudia. Halafu kijipande chembamba cha gazeti: unakiweka kati ya kioo na raba, unafunga mlango, unakivuta. Kitoke kwa ubishi ule ule kila mahali. Kikichanika, umebana mno. Kikija chenyewe, umeacha mlango wazi kwa mvua. Mara ya tano ndipo kilipotoka sawa kuanzia nguzo ya mbele mpaka nyuma ya bega la dereva. Raba zenyewe tulizisafisha kwa maji ya sabuni na kuzipaka mafuta ya silikoni. Msipake grisi ya petroli kwenye raba za paa, inazivimbisha na kuzilainisha mpaka zinalegea.

Mpira wa maji tuliupitisha kuanzia chini kwenda juu, bila shinikizo, dakika kumi, kijana wangu amekaa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. "Pakavu, fundi," akapiga kelele kutoka ndani. Nikamwambia akae dakika tano nyingine.

Kioo cha kushoto kilikuwa cha gari tangu Japani, nacho kilikuwa na mikwaruzo miwili. Hapa ukarabati uliwezekana. Nilipitisha ukucha: mmoja haukunasa, mwingine ulinasa kidogo pale chini, ndani ya sehemu inayojificha mlangoni. Wa juu tuliung'arisha kwa unga wa seriamu uliolowekwa kama uji, kitambaa cha manyoya na mashine ya mwendo mdogo, huku tukigusa kioo kila baada ya sekunde chache kisipate moto. Uliisha baada ya dakika arobaini. Ule wa chini tuliuacha. Ungeondoka kwa kuchimba tu, na ukichimba kioo sehemu moja unapata bonde linalopinda kila unachokitazama, tena unapunguza lile tabaka lililojibana ambalo ndilo uhai wake.

Mwenye gari nilimpa maagizo machache. Kioo kishushwe chote au kipandishwe chote kabla ya kufunga mlango, kisiachwe nusu. Mlango usukumwe kwa bati lake, asikishike kioo, wala abiria wake wasikishike. Hili la abiria alilicheka, kisha akakiri mdogo wake hufanya hivyo kila siku. Na kwa kuwa anaishi karibu na bahari, raba ya ukanda ipanguswe mchanga kila anapoosha gari.

Alirudi Desemba, vuli ikiwa inaendelea, kwa ajili ya breki. Nilimwomba ruhusa nifungue kava ya mlango wa kulia. Nailoni ilikuwa imeshika, bati la chini kavu, grisi kwenye reli bado nyeupe. Nilimulika bolti ya nyuma kwa tochi: ukingo wa plastiki ulionekana mzima kuzunguka tundu. Kwenye kona ya chini kabisa ya mlango kulikuwa na kipande kimoja cha kioo cha ukubwa wa punje ya mahindi, kisicho na tinti, ambacho mashine ya kufyonza ilikikosa Februari. Nilikiokota nikampa mwenyewe, tukarudisha kava, tukahamia kwenye breki.